Pikipiki Nyekundu ya Gitega na Safari ya Anisia

CHAMA CHA INGOBYI CHA KILIMA CHA RUKOYO
KOMINE BUTIHINDA, MKOA WA MUYINGA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichokaa Jumamosi, tarehe 14 Mei 2011, katika darasa la kwanza la shule ya msingi, na sehemu yake nje uwanjani.

WALIOHUDHURIA
Urbano Barampama, Mwenyekiti
Venansi Ntirampeba, Mtunza Hazina
Egidius Ndabaneze, Kiongozi wa Wabebaji
Jeska Bucumi, Mjumbe (mama mkwe wa Mwenyekiti)
Anisia Kaneza, Mjumbe
Bahati Nduwayo, Katibu, pamoja na mtoto wake mgongoni
Wanachama wengine wa nyumba za juu na za chini, waliojaza madawati yote

MGENI
Mahmudu, mfanyabiashara wa pikipiki kutoka Gitega

HAWAKUWEPO
Crispin, kwa ruhusa: amekwenda Mwakiro msibani
Fredi, bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 14/2011: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana baada ya kusubiri mvua ikatike. Jeska aliongoza sala.

Mwenyekiti alieleza kwamba nakala ya kumbukumbu hizi itapelekwa Mushasha, Gitega, kwa ndugu wa parokia waliotuchangia fedha. Kwa hiyo Katibu aandike kwa urefu, ili hata mtu asiyekijua kilima chetu aelewe. Katibu aliuliza kama na maneno makali yaandikwe. Mwenyekiti alisema yaandikwe. Venansi alisema, "Andika yote, lakini usitie chumvi." Katibu alijibu kwamba chumvi nyumbani kwake imekwisha tangu Jumatano. Watu walicheka, kikao kikaendelea.

Kwa wasiotujua: kazi ya chama hiki ni kubeba wagonjwa. Ingobyi ni machela yetu, kitanda cha mianzi iliyosukwa chenye miti miwili mirefu, kinachobebwa na watu wanne mabegani. Filimbi ikipigwa, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja. Wanapokezana njiani mpaka kituo cha afya, na kama gari lipo pale, mgonjwa anapelekwa hospitali ya Muyinga.

KUMB. NA. 15/2011: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha Machi. Kikao hicho kiliazimia kwamba fedha za parokia, pamoja na za kahawa yetu, zinunue chombo kimoja cha kubebea wagonjwa, na kwamba chombo hicho kipatikane kabla Anisia hajajifungua. Anisia alipasuliwa alipomzaa mtoto wake wa kwanza. Mkunga wa kituo cha afya amemwambia wazi kwamba asithubutu kuzalia nyumbani. Siku zake zimekaribia, na mume wake yuko Kahama kibaruani.

Venansi alilalamika kwamba kumbukumbu hizo zimewaita watu wa nyumba za juu "waliobaki" na watu wa nyumba za chini "waliorudi". Alisema, "Sisi hatukubaki kama ugali kwenye sahani. Tulikaa kwetu. Vita tuliviona sisi, na mvua yake yote." Mwenyekiti alijibu kwamba hata waliokuwa kambini Ngara mvua iliwanyeshea, tena chini ya turubai. Pakatokea kelele kidogo. Katibu aliomba ruhusa afute maneno yote mawili na kuandika "nyumba za juu" na "nyumba za chini", kwa kuwa mlima haujampendelea mtu. Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 16/2011: TAARIFA YA MWENYEKITI KUHUSU SAFARI YA GITEGA

Mwenyekiti alieleza kwamba mwezi uliopita alikwenda Mushasha kupokea fedha. Akitoka huko alipita mtaa wa Waswahili kuulizia bei za pikipiki, ndipo alipoiona pikipiki hii nyekundu katika duka la Bwana Mahmudu.

Alisema pikipiki hii si ya kawaida. Kiwanda kilitengeneza mia tatu tu kwa dunia nzima, kikavunja kalibu zake. Kila moja ina namba yake iliyochongwa kwenye kibati karibu na usukani. Ililetwa Bujumbura na mhandisi mmoja wa kigeni, ambaye mkataba wake ulipokwisha aliiacha. Haijatembea sana. Injini yake ina nguvu kuliko ya kamyoneti iliyoileta hapa leo.

Bei yake ni bei ya pikipiki tatu za kazi. Mwenyekiti alisema anajua wajumbe watashtuka, na alitaka washtuke mapema ili wapate muda wa kutulia. Nauli ya kamyoneti kutoka Gitega kupitia Karuzi alilipa mwenyewe, hakugusa fedha za chama. Mtunza Hazina alithibitisha kwamba hazina haijaguswa, akaongeza, "Na haitaguswa bila sahihi yangu."

Mwenyekiti alitoa sababu zake. Kwanza, pikipiki ya kawaida hapa kwetu inakufa baada ya masika mawili, kisha inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, wakati hii, kwa sababu ya uchache wake, kila mwaka bei inapanda. Pili, kilima chetu hakijawahi kumiliki kitu ambacho mtu wa mjini angekitamani. Tatu, na hapa Mwenyekiti alinyanyuka, ni kasi. Alisema hakuna kitu chenye miguu wala magurudumu katika mkoa wote wa Muyinga kinachoweza kukimbia kama hii. "Mgonjwa anakufa kwa sababu ya dakika," alisema. "Tukinunua dakika, bei yoyote ni ndogo."

Wajumbe wote wanajua kwamba mke wake, Martha, alifariki miaka miwili iliyopita akiwa kwenye ingobyi, njia ya kituo cha afya, na mtoto tumboni. Jeska ndiye aliyemzaa Martha. Katibu anaandika haya kwa sababu ameagizwa aandike, na kwa sababu bila haya mtu wa Mushasha hataelewa yanayofuata.

KUMB. NA. 17/2011: KUIANGALIA PIKIPIKI

Kikao kilihamia nje. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa mbele ya ofisi ya mkuu wa shule juu ya ubao, ili isizame kwenye tope. Egidius alieleza jinsi ilivyofika pale. Kamyoneti ilishindwa kuvuka daraja la magogo, ikabidi pikipiki ishushwe, na vijana wanane waipandishe mlima kwa kuibeba, maana tumbo lake liko chini mno na kila jiwe linalikwaruza. Alisema, "Nimebeba wagonjwa wengi. Huyu wa leo ndiye mzito kuliko wote, na bado anasema ni mzima."

Mgeni Mahmudu alikaribishwa aieleze. Aliondoa kitambaa kilichoifunika, akasubiri kidogo watu washibe macho. Alisema, "Wazee wangu, mi nimeuza pikipiki tangu sina ndevu. Hii iko ya pekee. Rangi yake hii, ukiipeleka juani asubuhi na ukiipeleka jioni, utasema ni mbili. Sikilizeni sauti." Aliiwasha. Kuku wa mkuu wa shule walikimbia, mtoto wa Katibu akaamka akalia, na watu wa nyumba za chini walipiga makofi. Hata wa nyumba za juu baadhi walipiga. Katibu mwenyewe anakiri kwamba ni nzuri. Ni nzuri sana.

Venansi aliuliza vipuri vinapatikana wapi. Mahmudu alijibu kwamba vinaagizwa Ulaya. Venansi aliuliza inakula mafuta kiasi gani. Mahmudu alijibu, "Muze, kitu kizuri kinakula." Venansi alisema hata ng'ombe wake mmoja alikuwa hivyo hivyo, na alimuuza.

Ndipo Anisia alipojitokeza. Aliizunguka pikipiki polepole, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Alimuuliza Mahmudu, "Kaka, dereva anakaa wapi?"

Mahmudu alimwonyesha. Alieleza kwamba dereva analala kifudifudi juu ya tangi, kifua mbele, ili upepo umpite.

Anisia aliuliza, "Na mimi nitakaa wapi?"

Mahmudu alianza kueleza habari ya breki. Anisia alisema, "Breki nimezisikia. Nauliza mimi."

Mahmudu aliinamia nyuma ya kiti, akapapasa mahali ambapo palikuwa na kipande cha bati chekundu kilichochongoka kama mkia wa ndege. Kisha alisimama, akasema kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, "Iko kiti kimoja, mama. Zile mia tatu zote ziko na kiti kimoja."

Katibu aliomba kikao kipumzike kidogo amnyonyeshe mtoto. Maneno ya wajumbe wakati huo hayakuandikwa, ingawa yalisikika mpaka kwenye vyoo.

KUMB. NA. 18/2011: JE, PIKIPIKI HII INASTAHILI BEI YAKE?

Kikao kilirudi darasani. Mwenyekiti alieleza kwamba jambo la kiti alilijua. Alisema fundi yeyote anaweza kuchomelea kiti cha pili. Mahmudu aliomba radhi, akasema ikichomelewa hata boliti moja inaacha kuwa mojawapo ya zile mia tatu, na hakuna mtu atakayeinunua tena kwa bei hiyo. Mwenyekiti alisema basi mgonjwa atafungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva.

Katibu aliomba kusema kama mwanachama. Alieleza kwamba mwezi wa Desemba alibebwa kwenye ingobyi hii hii, akiwa na uchungu wa mtoto huyu aliye naye. Alisema mwenye uchungu hakai kama mtu anayekwenda sokoni. Anataka kulala ubavu, anataka mkono wa kushika, na mara nyingine anataka kusimamishwa njiani ashuke, atapike, apande tena. Alisema hajui kasi ya pikipiki hii, lakini anajua kwamba angefungwa mgongoni mwa mtu anayelala kifudifudi angezaa mtoto kwenye tope la kona ya kwanza. Alimwambia Mwenyekiti, "Baba, nakuheshimu, umenifundisha hata kuandika vichwa hivi vya kumbukumbu. Lakini fedha hizi ni za tumbo la Anisia. Sitaandika kwamba tumezitumia kwa kitu ambacho hawezi kukikalia."

Mwenyekiti alisema Katibu apunguze sauti. Katibu alisema sauti hiyo ndiyo ndogo aliyonayo.

Egidius alisema jambo hapa ambalo Katibu hakulisikia vizuri kwa kilio cha mtoto. Alipoombwa kulirudia alisema halina maana tena.

Venansi alisema mtu hanunui pikipiki ya mbio kwenye kilima ambacho hata baiskeli inashuka ikiwa imeshikwa na watu wawili. Alisema haya ni majivuno ya watu wa nyumba za chini, kwamba walipokuwa Tanzania waliona magari wakadhani barabara zimewafuata. Mwenyekiti alipiga meza. Alisema, "Wewe usiniambie habari ya barabara. Wewe mke wako yuko nyumbani anapika."

Jeska aliomba kusema. Mwenyekiti alimwambia, "Mama, wewe utasema mwisho." Jeska alijibu kwamba kwa umri wake hajui mwisho ni lini, atasema sasa.

Alimuuliza Mwenyekiti: siku ile ya Martha, filimbi ilipigwa wakati gani? Jeska alijijibu mwenyewe. Alisema filimbi ilipigwa asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya maharage, na ingobyi iliondoka jua limekwisha pinda. Alimuuliza Egidius kama njiani walitembea vibaya. Egidius alijibu kwamba walitembea vizuri, walikuwa wanne tu bila wa kuwapokea, lakini hawakusimama. Jeska alisema, "Basi nyinyi mnazungumza kasi, kasi. Mwanangu hakukosa kasi. Alikosa mabega. Nilikuwa nimekaa naye mlangoni, nikihesabu watu wanaopanda njia, na kutoka juu hakushuka hata mmoja."

Venansi alisimama. Alisema neno hilo limefungwa na Jeska hana ruhusa ya kulifungua.

Kwa watu wa Mushasha, desturi yetu ni hii. Nyumba isiyotoa mtu filimbi ikipigwa inatozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Pande zote mbili zinaunywa kwa mirija, pamoja, na ukishakauka neno limezikwa. Atakayelifufua anatozwa yeye. Mwaka ule kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya Mwenyekiti, aliyekuwa amerudi karibuni, na Venansi, aliyekuwa analilima. Nyumba za juu zote zilimnunia Mwenyekiti, na filimbi ilipopigwa kwa ajili ya mke wake hazikutoa mtu, wakati nyumba za chini zilikuwa bado chache. Baada ya mazishi zilileta mtungi. Ulinywewa. Shamba liligawanywa. Tangu hapo hakuna mtu aliyelitaja jambo hili mbele za watu mpaka leo.

Jeska alisema, "Mlikunywa nyinyi. Huyu mkwe wangu alikunywa, nilimwona akishika mrija amefumba macho, akanywa kama mtu anayekunywa dawa, kwa sababu alikuwa ametoka kurudi na alitaka kuishi na watu. Simlaumu. Mimi niliukataa. Niliuweka mrija chini, kila mtu aliona. Haya, nitozeni kwa neno gani? Mimi sikuzika kitu."

Venansi alimtazama Egidius. Egidius alisema ni kweli, mama hakunywa.

Venansi alikaa chini.

Kisha Mwenyekiti alisema, na maneno haya Katibu ameyaandika kama yalivyotoka:

"Mimi nilikunywa. Kwa hiyo sina ruhusa. Kila nikiikumbuka siku ile nafika pale mlangoni, tunangoja, na hapo nafunga mdomo hata nikiwa peke yangu, kwa sababu nilikunywa. Nikaona lazima kuna kitu kingine. Nikasema ni miguu. Nikasema tulikwenda polepole, mimi nilikuwa mti wa nyuma, mimi ndiye niliyekwenda polepole. Miaka miwili natembea njia ile usingizini, nakimbia, na bado sifiki. Sasa Gitega nikaiona hii. Mahmudu aliiwasha, nikaona Martha amefika."

Mgeni Mahmudu alisema hayo ni kweli. Siku ile mzee huyu alisimama mbele ya pikipiki mpaka ikabidi aletewe kigoda.

Venansi alisema, "Muze, we ungenitukana. Vraiment, kwa kweli, tangu zamani ungekuja tu kwangu unitukane."

Mwenyekiti alijibu, "Nilikunywa, Venansi."

Mgeni aliomba kusema ingawa si mwanachama. Aliruhusiwa. Alisema, "Mi ni muuzaji, mtoto wa muuzaji, na njaa ninayo kama nyinyi. Lakini niwaambie. Bei ya hii pikipiki iko kwa ajili ya ile namba kwenye kibati. Mtu anayelipa ile bei ni mtu mwenye lami mbele ya nyumba, anaipanda Jumapili, anaifunika. Kwake iko halali, inastahili kila faranga, maana yeye anachonunua ni kuwa nayo. Nyinyi mnanunua kufika. Hiyo mi sina dukani. Mkinilipa nitachukua, sitakataa, ila sitalala vizuri, na mi napenda usingizi kuliko pesa kidogo tu."

Jeska alimuuliza kama mama yake yuko hai. Alisema yuko hai. Jeska alisema amsalimie.

KUMB. NA. 19/2011: UAMUZI, NA SAFARI YA ANISIA

Mwenyekiti alisema hatapiga kura katika jambo hili. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Hakuna mkono ulionyooshwa kwa ajili ya pikipiki nyekundu.

Iliazimiwa kwamba chama kinunue pikipiki moja ya kazi, na fundi Hamissi wa Muyinga mjini aitengenezee kitanda cha magurudumu cha kufungwa ubavuni, chenye nafasi ya mtu mmoja wa kumshika mgonjwa mkono. Fedha zitakazobaki ziwekwe kwa mafuta na matengenezo. Mtunza Hazina aende kwa Hamissi Jumatatu. Mahmudu alisema ataiuza nyekundu Bujumbura, na pikipiki ya kazi atawapa kwa bei anayowapa ndugu zake. Venansi alimuuliza ndugu zake huwa anawapa kwa bei gani. Mahmudu alisema inategemea ni ndugu gani.

Anisia alisema anashukuru, lakini Hamissi akisema wiki tatu ni mwezi na nusu, kila mtu anamjua. Aliuliza, "Na mtoto asipomngoja Hamissi?"

Egidius alijibu kwamba ingobyi ipo, mianzi imekaguliwa, kamba ni mpya. Kinachompa shida ni watu. Alieleza kwamba wabebaji wawili wa mbele lazima walingane kimo, la sivyo kitanda kinainama upande mmoja, na mwanamke aliyewahi kupasuliwa anaumia kwa kila hatua. Njia yetu inashuka sana mpaka daraja la magogo, na kwenye mteremko huo mbele panahitaji watu warefu. Alisema kilima hiki kina watu warefu wawili tu, na kwa miaka miwili amekuwa akiwapanga zamu tofauti, akidhani hakuna aliyegundua.

Watu waliwatazama Mwenyekiti na Venansi.

Venansi aliuliza, "Mi nitashika kushoto au kulia?"

Mwenyekiti alisema bega lake la kulia ndilo zima.

Egidius alisema basi imekwisha, Mwenyekiti mti wa kulia, Venansi wa kushoto. Alisema wasizungumze wakati wa kubeba, wataharibu mwendo. Anisia alisema hata wakigombana yeye atawasikiliza, mradi watembee.

Iliazimiwa pia kwamba kuanzia leo Anisia alale kwa Katibu, ambaye nyumba yake iko karibu na njia, na kwamba filimbi ikae kwa Jeska. Katibu alisema nyumba yake ni ndogo na mtoto wake analia usiku kucha, lakini karibu.

KUMB. NA. 20/2011: MENGINEYO

Mwenyekiti alisema ana neno moja. Aliomba iandikwe katika kumbukumbu kwamba siku ile yeye hakuchelewa.

Katibu alieleza kwamba jambo ambalo halikujadiliwa wala kupigiwa kura haliwezi kuandikwa kama azimio la chama. Laweza kuandikwa kama kauli ya mtu. Mwenyekiti alisema kauli yake mwenyewe amekwisha jisemea mara nyingi, haimsaidii. Anaomba iwe ya chama.

Mjumbe mmoja wa nyumba za juu aliuliza kama hilo si kulifufua neno lililozikwa, na nani atatozwa mtungi. Venansi alisema, "Nitatoa mimi. Na safari hii mama atakunywa kama atapenda. Kama hapendi, asinywe." Kisha alimgeukia Katibu, akasema, "Dada, andika hivi: Urbano hakuchelewa. Tuliochelewa ni sisi wa nyumba za juu. Halafu uliza kura."

Katibu aliandika hivyo, akasoma kwa sauti, akauliza kura.

Mikono ya nyumba za chini ilinyooka. Ya nyumba za juu ilikawia, kisha ikanyooka, mmoja mmoja, wa Venansi ukiwa wa kwanza. Jeska alinyoosha wake akiwa ameutegemeza kwa mkono wa pili, maana bega linamsumbua. Mgeni Mahmudu, ambaye hana kura, naye alinyoosha. Katibu hakumhesabu, wala hakumwambia ashushe.

Limepita.

KUFUNGA

Hakukuwa na jambo lingine. Sala ya mwisho haikusemwa kwa sauti, kila mtu alisali alivyoweza. Watu walitawanyika saa kumi na moja na nusu jioni, baada ya vijana kuishusha pikipiki mpaka kwenye kamyoneti. Mwenyekiti na Mtunza Hazina walishika mbele.

Tunathibitisha kwamba haya ndiyo yaliyosemwa na kuamuliwa:

Urbano Barampama
Mwenyekiti (sahihi)

Bahati Nduwayo
Katibu (sahihi)

Nakala: Ndugu wa parokia, Mushasha, Gitega

Nyongeza ya Katibu kabla ya kutuma nakala: Filimbi ilipigwa Alhamisi, tarehe 19 Mei, alfajiri. Anisia alifika kituo cha afya, akapelekwa Muyinga, akapasuliwa salama. Ni msichana. Watu walikuwa wengi mno njiani, ikabidi Egidius awafukuze wengine.